Mji Mkongwe kwa Hesabu: Paa Moja, Nyumba Moja, Mtaa Mzima

Mwaka 1992 majengo ya Mji Mkongwe wa Zanzibar yalihesabiwa yakafika 1,709. Takriban asilimia 75 yalionekana yamechakaa. Asilimia 75 ya 1,709 ni majengo 1,282. Miaka minane baadaye, Desemba 2000, UNESCO iliuingiza mji huo katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Heshima ilikuja wakati nyumba tatu katika kila nne zilikuwa zinahitaji fundi.

Tangu hesabu ile ya 1992 hadi mwisho wa 2024 imepita miaka 32. Ukigawa nyumba 1,282 kwa miaka 32 unapata nyumba 40 kwa mwaka. Hiyo ndiyo kasi iliyohitajika ili mzigo wa 1992 uwe umekwisha mwishoni mwa 2024: nyumba 40 kila mwaka, bila kuruka hata mmoja, na bila nyumba mpya kuingia katika kundi la zilizochakaa. Sharti hili la mwisho ndilo gumu zaidi, kwa sababu nyumba haisubiri zamu yake. Iliyokuwa nzima mwaka 1992 nayo imenyeshewa masika 32.

Takwimu yenyewe ya asilimia 75 inahitaji kutazamwa kwa makini. Neno “kuchakaa” linaweza kubeba nyumba iliyobanduka lipu ukutani na nyumba ambayo ghorofa yake ya juu imekwisha kushuka. Ya kwanza inahitaji fundi wa wiki moja, ya pili inahitaji mhandisi. Zikihesabiwa pamoja, jumla ya gharama inaweza kuwa kubwa kupita kiasi au ndogo kupita kiasi, kutegemea nyumba ngapi ziko katika kila hali. Kwa hiyo katika makala haya nitatenganisha mambo mawili. “Utunzaji” ni kazi ndogo ya mara kwa mara: bati, mlizamu, ufa, lipu iliyobanduka. “Ukarabati” ni kazi kubwa ya kurudisha kuta, sakafu na boriti za nyumba nzima.

Ukubwa wa eneo

Eneo lililoorodheshwa na UNESCO ni hekta 96, yaani kilomita ya mraba 0.96. Kisiwa cha Unguja kina takriban kilomita za mraba 1,666. Mji Mkongwe basi ni asilimia 0.06 tu ya kisiwa. Ukilinganisha na Mji wa Kale wa Lamu, ulioingia katika orodha hiyo mwaka 2001 ukiwa na hekta 16, wa Zanzibar ni mkubwa mara sita. Mlinganisho huu una maana kwa bajeti: mpango unaoitosha Lamu haunakiliwi Unguja kwa kubadilisha jina la mji tu.

Hekta 96 ni mita za mraba 960,000. Zikigawanywa kwa majengo 1,709, kila jengo linapata mita za mraba 562, pamoja na sehemu yake ya vichochoro, viwanja na barabara. Huo ni mji uliobanana. Huko Kiponda, Mkunazini na Sokomuhogo nyumba nyingi zimeshikana bega kwa bega, na ukuta wa jirani mmoja ndio unaomwegemeza mwingine. Ndiyo maana hesabu ya nyumba moja moja haitoshi. Nyumba ikianguka, hasara haiishii kwenye mipaka ya hati yake.

Uzito unaonyesha kwa nini. Chukua chumba cha kawaida chenye urefu wa mita 8. Upana wake hauzidi sana mita 3, kwa kuwa hapo ndipo boriti ya mkoko inapofika. Ukuta mmoja mrefu wa chumba hicho, wenye kimo cha mita 3.5 na unene wa nusu mita, una mita za ujazo 14. Mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa yana uzito wa takriban tani 1.8 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo ukuta huo una tani 25. Nyumba ikiwa na ghorofa tatu, msingi wa ukuta huo mmoja unabeba zaidi ya tani 75, kabla ya kuhesabu sakafu, samani na watu.

Maji ya paa moja

Adui mkubwa wa nyumba hizi ni maji, nayo yanapimika. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Unguja hupata takriban milimita 1,600 za mvua kwa mwaka. Paa lenye upana wa mita 10 na urefu wa mita 12, yaani mita za mraba 120, hupokea lita 192,000 kila mwaka.

Tuseme mlizamu umetoboka, na asilimia 1 tu ya maji hayo inaingia ukutani. Hiyo ni lita 1,920 kwa mwaka, karibu madumu 96 ya lita 20, yakimiminwa mahali pamoja. Maji hufuata njia ile ile kila msimu: kutu inakula tundu la msumari, maji yanashuka juu ya ukuta, yanafika pale ncha ya boriti ilipozamishwa ndani ya mawe. Hapo hapana upepo wala jua. Ncha inaoza huku sehemu ya boriti inayoonekana chumbani ingali ngumu. Mwenye nyumba hutazama dari na kuiona salama mpaka siku boriti inapochomoka ukutani.

Jengo mashuhuri kuliko yote mjini halikukingwa na umashuhuri wake. Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash. Mwaka 2012 sehemu ya roshani yake ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, sehemu kubwa ya jengo iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Kati ya ishara ya kwanza ya wazi na mporomoko ni miaka minane. Jengo lilikuwa na umri wa miaka 137, kwa hiyo miaka hiyo minane ni chini ya asilimia 6 ya maisha yake.

Bei ya nyumba moja

Kuanzia hapa naingiza bei. Ni bei za mfano nilizozichagua kwa ajili ya hesabu, zimewekwa katika viwango vya kufuatika, na msomaji mwenye bei za fundi wake aziweke mahali pake. Kilicho muhimu ni uwiano kati ya kiasi kimoja na kingine.

Nyumba yetu ya mfano ina mita za mraba 120 chini na ghorofa tatu, jumla mita za mraba 360. Tukiweka ukarabati kuwa shilingi 500,000 kwa mita ya mraba, nyumba moja inahitaji shilingi milioni 180. Zidisha kwa nyumba 1,282 za mwaka 1992: shilingi bilioni 230.8.

Jumla hiyo inatisha, lakini itiliwe shaka kwanza. Bei ya mita ikishuka hadi 250,000, jumla inakuwa bilioni 115.4. Ikipanda hadi milioni moja, inakuwa bilioni 461.5. Kigezo kimoja tu kinaizungusha jumla mara nne. Kwa hiyo mtu yeyote anayetaja gharama ya kuuokoa Mji Mkongwe kwa tarakimu moja aulizwe mambo matatu kabla ya kusadikiwa: bei ya mita, idadi ya nyumba, na hali ya kila nyumba.

Utunzaji una hesabu tofauti. Kwa paa lile lile la mita za mraba 120, tuweke shilingi 30,000 kwa mita kwa kubadilisha mabati yaliyooza, kupiga misumari upya, kuziba mipasuko kwa chokaa na kurudisha mlizamu. Jumla ni shilingi milioni 3.6. Milioni 180 kwa milioni 3.6 ni mara 50. Fedha inayokarabati nyumba moja inatunza mapaa 50.

Chokaa na saruji

Mwenye nyumba akifika dukani, saruji humvutia kwa sababu iko tayari kwenye mfuko na hufikia nguvu yake ya kawaida ndani ya siku 28. Chokaa ina safari ndefu. Matumbawe hupangwa juu ya magogo ya mnazi na kuchomwa. Kwa kanuni ya kemia, kila kilo 1,000 za jiwe safi huacha kilo 560 tu baada ya kuchomwa, kwa kuwa asilimia 44 ya uzito huondoka kama gesi ya kaboni dioksidi. Chokaa hiyo ikizimwa kwa maji hufika kilo 740, kisha huachwa ikae kabla ya kutumika. Kuni, muda na ujuzi wa mwashi vyote vinaingia katika bei.

Tuilinganishe kwa ukuta ule ule wa mita 8, ghorofa tatu: mita za mraba 84 za lipu. Tuseme lipu ya saruji ni shilingi 20,000 kwa mita na ya chokaa ni 40,000. Saruji inagharimu milioni 1.68, chokaa milioni 3.36. Kwa siku ya malipo, saruji imeshinda kwa nusu kamili.

Sasa tuhesabu kwa mwaka. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Lipu ya saruji huufungia ndani pamoja na chumvi ya bahari, nayo hubanduka ikiondoka na uso wa jiwe. Ikiwa lipu ya saruji itadumu miaka 5 na ya chokaa 15, saruji inagharimu 336,000 kwa mwaka na chokaa 224,000. Ushindi umehamia upande wa pili. Dhana ya kuchunguzwa hapa ni muda wa kudumu. Chokaa ikidumu miaka 10 tu, gharama zinalingana kabisa: 336,000 kwa 336,000. Ikidumu chini ya hapo kwa sababu imechanganywa vibaya, inapoteza. Kwa hiyo hoja ya chokaa inasimama juu ya ustadi wa fundi, na fedha za kufundisha waashi zinapaswa kuhesabiwa ndani ya gharama za hifadhi.

Dola moja ya mgeni

Nani alipe? Mgeni hutajwa kwanza. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni 538,264. Mwaka 2020, wakati wa korona, walishuka hadi 260,644. Mwaka 2023 walikuwa 638,498, na mwaka 2024 wakafika 736,755. Kati ya 2023 na 2024 pekee ongezeko ni wageni 98,257, sawa na asilimia 15.4.

Tuseme dola moja ya kila mgeni wa 2024 ingekwenda moja kwa moja kwenye nyumba za Mji Mkongwe. Kwa dola moja kuwa shilingi 2,500, jumla ni shilingi bilioni 1.84. Ikigawanywa sawasawa kwa majengo 1,709, kila jengo linapata takriban shilingi milioni 1.08 kwa mwaka.

Dola moja si mzigo mkubwa kwa msafiri. Tangu Oktoba 2024 mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar hulipa dola 44 za bima ya lazima. Dola moja ni asilimia 2.3 ya malipo hayo. Bima ina kazi yake na sisemi ikatwe. Nalinganisha ili kipimo kionekane.

Bilioni 1.84 zinanunua nini? Zikielekezwa kwenye ukarabati wa milioni 180 kwa nyumba, zinakarabati nyumba 10 kwa mwaka. Nyumba 1,282 kwa mwendo huo zinachukua zaidi ya miaka 125. Hata dola tano kwa kila mgeni zingefikisha nyumba 51 kwa mwaka, na kazi ingechukua miaka 25. Katika miaka hiyo 25, nyumba za mwisho kwenye foleni zingekuwa zimenyeshewa masika 25 zaidi.

Fedha hiyo hiyo ya dola moja ikielekezwa kwenye utunzaji inafika mapaa 511 kwa mwaka. Majengo 1,709 yote yangefikiwa na kurudiwa kila baada ya miaka mitatu na miezi minne. Nyumba 10 au mapaa 511: fedha ni moja, matokeo yanatofautiana sana.

Dhana mbili zinahitaji kukaguliwa. Ya kwanza ni thamani ya shilingi. Kwa miaka ya karibuni dola imewahi kuwa karibu shilingi 2,300, ikafika hadi 2,700. Kwa wageni wale wale, tofauti ya mapato ni takriban shilingi milioni 295. Ya pili ina uzito zaidi: si kila mgeni anafika Mji Mkongwe, wengine hutoka uwanja wa ndege wakaenda moja kwa moja Nungwi au Paje. Tukihesabu robo tu ya wageni, mapato yanashuka hadi shilingi milioni 460, nayo yanatosha mapaa 128. Mzunguko wa kulifikia kila jengo unarefuka kutoka miaka 3.3 hadi 13.4. Mpango bado una maana, lakini umepungua nguvu mara nne.

Kodi ya wapangaji

Nyumba za Mji Mkongwe zina wamiliki wa aina tatu kuu: watu binafsi, Serikali, na wakfu chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Nyingi za Serikali zilichukuliwa baada ya Mapinduzi ya 1964, zikagawiwa familia chumba kwa chumba. Kodi ndogo iliwapa watu makazi, na hilo ni jema lenye thamani yake. Swali ni kama kodi hiyo inaweza kulinunulia paa bati.

Tuweke familia sita katika nyumba yetu ya mfano, kila moja ikilipa shilingi 20,000 kwa mwezi. Jumla ni 120,000 kwa mwezi, yaani milioni 1.44 kwa mwaka. Utunzaji wa paa, milioni 3.6 kila baada ya miaka mitatu na miezi minne, ni wastani wa milioni 1.08 kwa mwaka. Paa pekee linameza asilimia 75 ya kodi. Zinabaki shilingi 360,000 kwa bomba, choo, ngazi na usimamizi.

Ukarabati wa milioni 180 kwa kodi hiyo ungechukua miaka 125. Ili ulipike kwa miaka 30, nyumba ingehitaji kuingiza milioni 6 kwa mwaka, yaani shilingi 83,333 kwa kila familia kwa mwezi. Hiyo ni mara nne na zaidi ya kodi ya sasa ya mfano wetu. Familia nyingi zitahama kabla hazijalipa. Anayesema “kodi ipandishwe” anasema pia, hata asipotaka, kwamba wakazi wabadilishwe.

Hesabu ya hoteli

Nyumba hiyo hiyo ikiwa hoteli ya vyumba 8, kwa shilingi 150,000 kwa usiku, vikijaa nusu ya mwaka, inaingiza milioni 219. Tuseme faida ni asilimia 20, yaani milioni 43.8. Ukarabati unalipika kwa miaka minne na mwezi mmoja au miwili. Vyumba vikijaa asilimia 30 tu, faida inashuka hadi milioni 26.3 na malipo yanachukua karibu miaka 7. Hata katika hali hiyo mbaya, hoteli inaishinda kodi ya familia mara nyingi.

Hesabu hii inaeleza kwa nini nyumba za Shangani na za ukanda wa bahari zimegeuzwa hoteli kwa wingi. Lakini kuna safu mbili zinazoachwa wazi kwenye daftari la mwekezaji. Vyumba vinane vya wageni vina bafu nane, na kila bomba lililofichwa kwenye ukuta wa chokaa ni njia mpya ya maji. Na familia sita zimeondoka. Mtaa wenye hoteli hamsini za namna hiyo umepoteza familia 300, pamoja na watoto wao wa chuoni, wateja wa duka la kona na watu wa kukaa barazani jioni. UNESCO iliorodhesha mji unaoishi, na wakazi ni sehemu ya kilichoorodheshwa.

Mwaka 2020 unaonyesha udhaifu mwingine. Kutoka 2019 wageni walipungua kwa asilimia 51.6. Mfuko wa hifadhi unaotegemea mgeni peke yake ungekatwa zaidi ya nusu katika mwaka ambao mvua haikupungua kwa ajili ya korona. Basi fedha ya wageni iwe msingi, na iwekwe akiba ya angalau mwaka mmoja wa mapaa: kwa bei zetu, shilingi bilioni 1.84.

Kipi kwanza

Safu hizi zikiwekwa pamoja, mpangilio wa kazi unajitokeza. Ukarabati wa majumba makubwa unahitajika, na Beit al-Ajaib inastahili kusimama tena. Lakini kwa kila nyumba moja inayokarabatiwa, mapaa 50 yangetunzwa kwa fedha ile ile, na paa lililotunzwa leo ni ukarabati ulioepukwa kesho. Bei za mfano zikiongezwa maradufu pande zote mbili, uwiano wa 50 kwa 1 haubadiliki. Hata gharama ya paa ikipanda mara tatu na ya ukarabati ibaki palepale, utunzaji bado unafika nyumba 16 kwa fedha ya moja.

Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, na sheria ya kuulinda mji ipo. Kinachohitajika kuwa mikononi mwa kila mkazi ni orodha iliyo wazi: namba ya nyumba, mmiliki, hali ya paa, mwaka wa mwisho wa matengenezo, na shilingi zilizotumika. Orodha ya majengo 1,709 si kazi kubwa. Watu kumi wakikagua jengo moja kila mmoja kwa siku, wanamaliza ndani ya siku 171 za kazi.

Kwa Serikali na Kamisheni ya Wakfu, ombi ni kutenga sehemu ya kodi kwa ajili ya paa la nyumba ile ile iliyotoa kodi hiyo, na kuitangaza kila mwaka. Kwa mwenye hoteli, ni kuruhusu mabomba yake yakaguliwe. Kwa mkazi, ni kupanda juu kabla ya masika, kuangalia mlizamu, na kutoa taarifa kwa maandishi. Fedha kubwa ikija, iongezwe juu ya utaratibu huo. Isipokuja, mapaa yaanze na kilichopo, kwa sababu mvua ya mwaka huu nayo itashusha takriban lita 192,000 juu ya kila paa la mita za mraba 120.